Ahamisha banda zima kwa ajili ya kifaranga mmoja

Saa moja kasorobo asubuhi, na Mama Banda anatoa kila kitu nje.

Vinaanza vyombo vya maji, vitano. Vinafuata vyombo vya chakula, virefu, vya bati, ambavyo mume wake alivikata kutoka kwenye mabati ya paa lao la zamani. Halafu vijiti vya kulalia, matofali mawili ya kuegesha mlango, na ubao mmoja mfupi ambao baadhi ya tembe, majike ambao hawajaanza kutaga, wameufanya kiti chao na hawataki mwingine aukaribie. Kuku mia moja thelathini na mmoja wamejikusanya kwenye kona wakimkodolea macho, kama wapangaji walioamshwa na mwenye nyumba.

"Watulie tu," anasema bila kugeuka. "Leo kila mtu hapa ni mgeni."

Karibu na mlango kuna kapu lililofunikwa kitambaa. Ndani yake yumo wa mia moja thelathini na mbili. Ana wiki saba na jicho moja, na ameshajaribu mara mbili kurudi kwa wenzake. Mara ya kwanza alitolewa akiwa na damu kichwani. Mara ya pili hakuna aliyemtoa damu, lakini alikuwa anakufa njaa huku chakula kimejaa.

Leo ni mara ya tatu. Mama Banda amekwisha kumwambia mume wake kwamba hakutakuwa na ya nne. Ikishindikana, atamchinja mwenyewe kabla ya chakula cha mchana.

"Siwezi kumwacha aishi kwa kudonolewa," anasema, akikung'uta chombo cha chakula kwenye goti. "Hayo si maisha. Nayajua."

Mama Banda ana miaka hamsini na saba. Jina hilo alipewa na majirani, na sasa hata mabinti zake wakipiga simu humwita hivyo. Kazi yake ni kulea vifaranga. Huwachukua wakiwa wa siku moja, mia moja na hamsini kwa mkupuo, akawalea hadi wiki ya nane, kisha akawauza kwa watu wanaotaka kuku waliokwisha kuvuka hatari.

"Watu wanadhani nauza kuku," anasema. "Mimi nauza wiki nane za kutolala vizuri."

Hesabu yake haina mambo mengi. Katika mia moja na hamsini, wakifa kumi, kazi imekwenda vizuri. Wakifa ishirini, hajapata wala hajapoteza. Wakizidi hapo, anakula hasara na nyumba nzima inajua kwa jinsi anavyofunga milango.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, katika siku nne, alipoteza mia mbili na kumi na wawili kati ya mia mbili na thelathini. Ulikuwa ugonjwa wa mdondo. Ulianza na kifaranga mmoja aliyepinda shingo, ambaye yeye alimwonea huruma akamwacha hadi kesho yake ili aone kama atapata nafuu. Shimo alilichimba nyuma ya choo, na anasema mkono ulimuuma mwezi mzima, ingawa hana hakika kama ni mkono hasa uliokuwa unauma.

Tangu hapo hakuna anayeingia bandani kwake na viatu vya nje. Kuna ndala za buluu za bandani, kuna beseni la dawa mlangoni, na kuna sheria moja ambayo haijawahi kuvunjwa: kifaranga mgonjwa hatoki bandani akiwa hai. Majirani wengine wanamwona ana roho ngumu. Mume wake, fundi redio mwenye maneno mengi kuliko redio zake, analichukulia kwa mzaha.

"Ukiwa unapiga chafya," anawaambia wageni, "usikae karibu na mke wangu akiwa na kisu."

Ndiyo maana watu walishangaa walipoona boksi juu ya meza ya fundi redio.

Ilikuwa wiki ya tatu. Mama Banda aliingia bandani asubuhi akamkuta kifaranga mmoja amesimama peke yake, kichwa kimeinama, jicho la kushoto limevimba na kufumba. Akamchukua. Vidole vyake vilikwisha kufika shingoni, kama vinavyofika siku zote, vikijua la kufanya. Ndipo akaona viganja vyake vimepauka kwa vumbi.

Sakafu ya banda hutandikwa maranda, yale makapi mapana yanayojikunja seremala anapopiga randa. Mama Banda huyafuata kwa seremala wa mtaa wa pili. Wiki ile seremala hakuwa nayo, kwa kuwa alikuwa anapasua mbao tu, na kupasua kunatoa unga. Unga wa mbao ni laini, unaruka kila kifaranga anapoparua, na unaingia puani na machoni. Mama Banda huwafundisha wafugaji wapya jambo hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Lakini mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, sakafu ilikuwa imelowa, na yeye alikuwa na haraka. Akachukua magunia mawili ya unga.

"Nilijua," anasema. "Siwezi kukaa hapa nikasema sikujua. Nilijiambia ni siku mbili tu, halafu nitabadilisha. Kila aliyewahi kuharibu kitu alijiambia ni siku mbili tu."

Kifaranga alikuwa bado mkononi mwake. "Kama angeugua, ningemchinja, na nisingekosa usingizi. Lakini yule hakuugua. Aliumizwa, na aliyemuumiza ni mimi. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa."

Aliwatoa vifaranga wote nje siku hiyohiyo, akafagia unga mpaka sakafu ikaonekana, akamwita daktari wa mifugo.

Daktari ni msichana wa umri wa binti yake wa mwisho, anayekuja kwa pikipiki na koti lililojaa mifuko. Alichungulia pua za kifaranga, akanusa mdomo wake, akapita kwa wengine akitazama macho yao mmojammoja. Hakuna mwingine aliyekuwa na shida.

"Sidhani kama linaambukiza," alisema daktari. "Lakini kusema sidhani si kusema najua, mama. Una wengine zaidi ya mia moja na thelathini hapa. Ingekuwa mimi, ningemchinja."

Mama Banda alimchukua tena kifaranga. Alikuwa analifikiria lile shimo la nyuma ya choo.

"Nipe masharti, mwanangu," akasema mwishowe.

Masharti yalikuwa manne. Kifaranga akae mbali na wenzake wiki mbili. Wazima wahudumiwe kwanza, mgonjwa mwisho, siku zote. Mikono ioshwe na ndala zibadilishwe. Na siku atakapoonekana mwingine amefumba jicho, wote wawili wachinjwe bila mjadala.

Kwa wiki mbili, Mama Banda alianza kila asubuhi kwa kuchuchumaa bandani akitazama macho. Macho zaidi ya mia mbili na sitini, jozi kwa jozi. Anasema kuna asubuhi alizofika kwenye jozi ya mwisho akagundua alikuwa amebana pumzi.

Nyumbani, boksi liliwekwa kwenye meza ya fundi redio kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na taa ya kuning'inia na joto. Fundi alilalamika siku ya kwanza, siku ya pili akapunguza sauti ya redio, siku ya tatu akatoboa matundu zaidi kwenye boksi kwa chuma chake cha kuchomelea. Ni yeye aliyempa kifaranga jina la Mheshimiwa.

"Ana chumba chake, taa yake, sahani yake, na daktari anakuja kumwona nyumbani," anaeleza fundi. "Mimi nina miaka thelathini na minne kwenye ndoa hii na sijafika huko."

Mara mbili kwa siku Mama Banda alimviringisha Mheshimiwa kwenye taulo, kichwa tu kikabaki nje, akalowanisha jicho kwa pamba na maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na chumvi kidogo. Alisubiri ukoko ulainike. Hakuvuta. Kisha akapaka dawa aliyoachiwa na daktari. Siku ya sita, donge gumu la njano lilitoka lenyewe kwenye pamba, na ndani yake kulikuwa na kibanzi cha mbao kisichofika urefu wa punje ya mchele.

Kibanzi hicho bado anacho, ndani ya boksi la kiberiti. Alikwenda nacho kwa seremala akamfungulia. Seremala alikitazama, akajikuna shingo. Tangu hapo, maranda ya Mama Banda huwekwa pembeni kwenye gunia lililoandikwa kwa chaki, hata kama ni ya siku moja tu ya kazi.

Jicho lilifumbuka, lakini lilikuwa limeshafunikwa na utando mweupe. Mama Banda alilijaribu kwa kidole. Akileta kidole kutoka kulia, Mheshimiwa anainamisha kichwa. Akileta kutoka kushoto, anabaki amesimama tu, hata kidole kimguse. Alirudia jaribio hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Nililia," anasema, kwa namna ya mtu anayetaja bei ya kitu. "Kwa ajili ya kuku. Na nimechinja kuku wangapi?"

Kosa la pili lilifuata, na hilo analieleza kwa uchungu zaidi kwa sababu alilifanya kwa upendo. Wiki mbili zile Mheshimiwa alikaa mezani akisikia redio na mizaha ya fundi, bila kumwona wala kumsikia kuku hata mmoja. Alizoea watu. Alipokuwa anasinzia, alitaka taarifa ya habari iwe inasomwa. Siku Mama Banda alipomchukua mchana kweupe na kumweka katikati ya banda, hakujua wale ni nani, na wale hawakujua yeye ni nani.

Kufumba na kufumbua, walimzunguka. Mmoja alidona, tone la damu likatokea, na kuku wakishaona damu hawaachi. Mama Banda alimtoa akiwa amekwisha kunyofolewa manyoya ya kichwani.

Daktari aliposimuliwa, alitikisa kichwa. "Angekaa peke yake sawa, mama, lakini mahali anapowaona. Uwatenganishe kwa wavu."

Basi jeraha lilipopona, fundi alitenga kona ya banda kwa wavu. Siku sita Mheshimiwa aliishi nyuma ya wavu huo, akila akitazamana na wenzake. Siku ya saba wavu ukaondolewa. Hakuna aliyemrukia, na Mama Banda akashusha pumzi mapema mno.

Kuna tembe mmoja mwenye ukucha uliopinda ambaye fundi alimwita Shangazi, kwa kuwa anajiingiza katika mambo ya kila mtu. Mheshimiwa alipokaribia chakula, Shangazi alikuja kutoka kushoto, upande usioona, akamdona mara moja, akaondoka. Na kila alipokaribia tena, ikawa hivyohivyo. Kwa Mheshimiwa, yale maumivu yalitoka mahali pasipo na kitu. Siku ya tatu aliacha kabisa kusogea. Mama Banda alipompapasa kifua, alikuta mfupa umechongoka.

Alimrudisha mezani ale apate nguvu. Kisha akafanya jambo ambalo anasema lilimpasa kulifanya tangu mwanzo. Aligeuza ndoo, akaikalia katikati ya banda, na akatazama mchana mzima.

"Nikaona kwamba wale si wakali," anasema. "Wana kwao, basi. Shangazi ana pake pale mwisho wa chombo, karibu na mlango. Yule mwingine ana ubao wake. Kila mmoja anajua pa kusimama. Yeye popote anaposimama, ni pa mtu."

Hapo ndipo alipokumbuka chumvi.

Alipoolewa, Mama Banda alihamia nyumba ya wakwe zake, ambako mambo yote yaliendeshwa na wifi yake mkubwa. Wifi hakumpiga wala kumtukana. Alihamisha vitu tu. Leo chumvi iko kwenye kopo la juu, kesho iko nyuma ya unga, keshokutwa iko chumbani kwake. Bibi harusi alipaswa kuuliza, na akiuliza, jikoni pananyamaza kwanza, kisha mtu anacheka, kisha anaonyeshwa.

"Mwaka mzima nilikuwa nauliza chumvi iko wapi," anasema. "Mwaka mzima, kwenye nyumba ninayoifagia mimi."

Kisha ukuta wa jiko ukaanguka kwa mvua. Vyombo vyote vikabebwa harakaharaka kwenye chumba cha pili, na aliyevipanga huko alikuwa yeye, kwa kuwa wengine walikuwa wanaondoa matope. Jioni ile wifi mkubwa alisimama katikati ya jiko jipya, akazunguka mara mbili, akamgeukia.

"Wifi, chumvi umeiweka wapi?"

"Ndiyo mara ya kwanza aliniita wifi," anasema Mama Banda. "Hakuwa amebadilika moyo. Ila nyumba ilikuwa ngeni kwetu sote."

Ndiyo maana leo vyombo viko nje. Kuku wote wamefukuziwa uani na fundi, anayepunga kofia yake na kuwaita raia wema. Mama Banda anafagia, anatandika maranda mapya, mapana, kisha anapanga upya. Palipokuwa na maji panawekwa vijiti vya kulalia. Ubao wa wale wakubwa haurudi kabisa. Chombo kimoja cha chakula anakisogeza hadi kwenye kona, kwa kipimo alichokifikiria siku mbili: kuku atakayesimama mwisho wake, upande wake wa kushoto utakuwa ukutani.

"Upande usioona, ukuta umlinde," anasema.

Anamtoa Mheshimiwa kwenye kapu, anamweka uani katikati ya kundi, na kabla kundi halijapata muda wa kumchunguza, anafungua mlango. Wanaingia wote pamoja, wakisukumana.

Ndani, hakuna anayejua aende wapi. Shangazi anakimbilia pale mwisho wa chombo chake, anakuta ukuta mtupu, anasimama amenyanyua mguu mmoja. Wengine wanazunguka wakinung'unika. Mheshimiwa naye anazunguka, akigeuza kichwa huku na huku ili jicho lake moja lifanye kazi ya mawili, na hakuna anayemtazama kwa sababu kila mmoja ana shida zake.

Mama Banda amekaa juu ya ndoo. Kisu kiko dirishani, kimefungwa kwenye gazeti. Fundi amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Inapita karibu robo saa kabla Mheshimiwa hajafika kwenye chombo cha kona. Anafika akiburuza ubavu ukutani. Anadona mara moja, anainua kichwa. Anadona tena.

Shangazi anamwona. Anakuja na ukucha wake uliopinda, kwa mwendo uleule wa siku zote, ila safari hii njia pekee iliyopo ni ya kulia. Mheshimiwa anamwona akiwa bado mbali. Anainamisha kichwa, anasogea hatua moja kando ya ukuta, anaendelea kula. Shangazi anasimama. Anatazama chombo, anamtazama mwenzake, kisha anaanza kula pembeni yake.

Mama Banda anajifuta uso kwa kiwiko, kwa kuwa mikono ina maranda. "Ndiyo hivyo tu," anasema. "Hakuna kingine nilichokuwa nakitaka." Ana furaha, na anasema pia kwamba ana aibu, kwa sababu jicho halitarudi.

Baada ya saa nzima anamwomba mume wake aondoe kile kisu pale dirishani.

Wiki ijayo kundi hili litauzwa, isipokuwa tembe kumi atakaobaki nao mwenyewe. Mheshimiwa ni mmoja wao. Shangazi pia, kwa kuwa, anasema, wameshafahamiana na haina haja ya kuanza upya na mwingine.

Lakini kuna ujio mwingine unaomshughulisha zaidi. Alhamisi, wifi mkubwa anahamia kwao. Ana miaka sabini na moja sasa, amefiwa na mume, alianguka akaumia nyonga, na watoto wake wako mbali. Ameomba kwa simu, kwa sauti ambayo fundi anasema hakuitambua kuwa ya dada yake.

"Nitasema kweli," anasema Mama Banda. "Nilipoambiwa anakuja, kitu cha kwanza nilichofikiria ni chumvi. Nikasema moyoni, haya, sasa ni zamu yake ya kuuliza. Na nilifurahi. Nilifurahi siku mbili nzima."

Anatazama kona ya banda, ambako kuku wawili wanakula sako kwa bako.

Alhamisi asubuhi, anasema, atatoa kila kitu cha jikoni nje, kama alivyofanya leo. Kabati, meza, sufuria zote. Meza ya redio nayo itahama ili chumba chenye dirisha kipatikane. Mume wake atalalamika, na acha alalamike. Wifi atakapofika, hatakuta kitu ambacho kimeshapata mwenyewe. Wataanza kupanga pamoja, naye mgeni atakuwa ameketi kwenye kiti akielekeza, maana kuelekeza anakuweza.

"Na chumvi siiweki mimi," anasema, akiinuka na ndoo yake. "Nitampa mkononi, aiweke anapotaka. Halafu nikianza kupika, nitamuuliza iko wapi."